ANAYESAIDIWA HANA HAKI YA KUULIZWA?

Ndugu zetu wa miji ya pwani hawakosi ukarimu. Hili twalisema mwanzo ili mtu asidhani kuwa tumekuja kuwalaumu kwa ubakhili. Mwezi wa Ramadhani ukiingia mikono hufunguka. Mchele, tende, unga na sukari hupita nyumba kwa nyumba, na ndugu zetu wasioona, wasioweza kwenda kwa miguu, viziwi na wengineo wenye ulemavu huwa katika watu wa kwanza kukumbukwa. Siku ya Ijumaa, milangoni mwa misikiti, hakosekani wa kutia shilingi katika mkono ulionyoshwa. Hayo ni mema, na Mwenyezi Mungu hapotezi ujira wa mwenye kutenda mema.

Lakini leo twataka kuuliza suala moja ambalo hatukulisikia likiulizwa mara nyingi katika vikao vyetu. Mtu akitaka kumsaidia mwenziwe, je, yule wa kusaidiwa ana haki ya kuulizwa ni msaada gani autakao, na vipi autaka? Au kwa kuwa yeye ni mwenye haja na sisi ndio wenye kutoa, basi kazi yetu ni kutoa, na kazi yake ni kupokea na kushukuru?

Wengi wetu hatujajiuliza hayo, kwani jawabu tumekwisha kulitenda kabla ya kulifikiri. Twatoa kwanza, kuuliza hatuulizi kabisa. Na mtu akitukumbusha, twashangaa: ati mwenye kupewa naye ana maneno?

Hatutaki kuanza na makosa ya watu wengine. Twaanza na letu.

Msikiti tusalimo umeinuliwa juu ya msingi, na mlango wake una ngazi tano, kila moja kimo chake inchi 6. Miaka kadhaa iliyopita, msikiti ulipokuwa ukitengenezwa, kamati, nasi tulikuwamo, ilikata shauri kujenga mteremko wa saruji kando ya zile ngazi, ili mwenye kiti cha magurudumu apate kuingia. Fedha zikachangwa, mtu mwema akatoa saruji, fundi akaja, mteremko wa futi 10 ukajengwa, ukapakwa chokaa. Tukaomba dua, tukapiga na picha. Sote tulikwenda zetu majumbani na nyoyo baridi.

Ukapita mwezi, ikapita miwili. Hakupanda mtu. Ndipo baadhi yetu wakaanza kusema, “Watu hawa hata ukiwajengea hawaji.” Nasi hatukuwakataza kusema hivyo, kwani moyoni tulikuwa twasema vilevile.

Alikuwako mzee mmoja aliyekuwa akija kila Ijumaa kwa baiskeli ya magurudumu matatu, ile izungushwayo kwa mikono. Hukaa chini ya mkungu ng’ambo ya njia, akaswali papo hapo kwa kusikiliza kipaza sauti. Siku moja tulimwendea baada ya swala, na hatukukosa ukali kidogo katika sauti, tukamwuliza kwa nini haingii hali njia amefanyiwa. Akatutazama, akasema, “Shekhe, mie nalitaka njia, nyinyi mumenijengea mlima.”

Kisha akatueleza moja baada ya moja. La kwanza, mteremko ule ulikuwa mkali. Kumpandisha kwataka vijana wawili wenye nguvu, na kushuka peke yake ni kutupwa njiani. La pili, mwisho wake juu pana kizingiti, na mlango wafunguka kwa nje, wala hapana pa kusimama mtu wa magurudumu mlango ukifunguliwa. La tatu, pale chini uanziapo mteremko ndipo watu wavuapo viatu, na siku ya Ijumaa viatu hujaa hata saruji haionekani. La nne, mahali pa kutawadha pako nyuma, chini ya ngazi mbili nyingine. Basi udhu ukimtenguka mtu humo ndani, hana la kufanya ila kuomba abebwe kama mtoto.

Tukamwuliza, “Mzee, mbona hukusema?”

Akajibu neno moja, “Mulin’uliza?”

Ndugu msomaji, neno hilo hatukulisahau, na makala haya yote ni kulifikiri.

Tazama yaliyomo katika maneno ya yule mzee. Ukali wa mteremko ni jambo ambalo tungaliweza kulipata kwa mafundi. Kipimo kitumiwacho sana ulimwenguni ni kwamba kila inchi 1 ya kwenda juu yataka inchi 12 za kwenda mbele. Ngazi zetu zilikuwa na kimo cha inchi 30, basi mteremko ulitaka futi 30, na sisi tulijenga 10. Hilo ni kosa la kutosoma. Lakini viatu vya siku ya Ijumaa, mlango ufungukao kwa nje, na ngazi mbili za kutawadhia havikuandikwa katika kitabu cha fundi yeyote. Elimu hiyo ilikuwa mahali pamoja tu, nayo ni kifuani mwa mtu aliyekuwa amekaa chini ya mkungu, hatua ishirini kutoka tulipofanyia mkutano wetu.

Wazee wetu walisema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Twalitaja neno hili kila siku katika mambo ya ndoa na ujirani. Tukifika kwa mwenye ulemavu twalisahau, twajifanya sisi ndio tuliolala na yeye ndiye mpita njia.

Mfano mwingine ni viti vya magurudumu vinavyogawiwa katika hafla. Huletwa vingi kwa pamoja, kipimo kimoja, mfano wa vile vya kusukumia wagonjwa hospitalini katika sakafu laini. Hupewa mtoto na hupewa mtu mzima. Hupewa akaaye katika nyumba ya ghorofa na akaaye penye mchanga. Shirika la Afya Ulimwenguni lilitoa mwongozo mwaka 2008 likieleza kuwa kiti chapasa kupimwa kwa mwili wa mtu na kwa mahali akaapo, na mtumiaji ashirikishwe katika kukichagua, kwani kiti kisichomfaa humtia vidonda na huweza kumdhuru. Nguo ya Idi hatununui bila kupima mabega ya mtoto. Vipi basi kiti atakachokalia mtu mchana kutwa tukitoe kwa kukisia?

Huenda mtu akasema: “Sawa, mmethibitisha kwamba kuuliza kuna faida. Lakini faida ni kitu kimoja na haki ni kitu kingine. Lau mteremko wenu ungalitoka sawa bila ya kumwuliza mzee, je, mngalikuwa na kosa?”

Hili ni suala la maana, na ndilo kiini cha maneno yetu. Jawabu letu ni: Naam, tungalikuwa na kosa, ijapokuwa dogo kuliko hili.

Kwanza, kwa sababu msikiti ule ni wake kama ulivyo wetu. Watu wakishirikiana nyumba, mmoja hawezi kuvunja ukuta na kujenga mwingine, kisha akamwambia mshirika wake, “Furahi, nimekutendea wema.” Wema hufanywa katika mali yako. Katika mali ya watu wawili huanza shauri. Tulipokaa kumjengea mzee njia bila ya yeye kuwapo, tulikuwa tumekwisha kuhukumu, bila ya kutamka, kwamba msikiti ni wetu na yeye ni mgeni wetu.

Pili, mtu asiyeona, au asiyeweza kutembea, au kiziwi mwenye akili zake timamu, ni mukalafu. Ameamrishwa swala na saumu. Atasimamishwa mbele ya Mola wake na kuulizwa umri wake aliumaliza katika nini na mali yake aliitumia vipi. Amepunguziwa yaliyo mazito kwake, lakini hakuondolewa katika daraja ya wenye kuulizwa. Basi mtu ambaye Mwenyezi Mungu amemwona kuwa afaa kuulizwa siku ya Kiama, kamati ya msikiti yapata wapi uwezo wa kumwona kuwa hafai kuulizwa juu ya mteremko wa saruji?

Na tatu, ni mwendo wa Mtume wetu, rehema na amani zimshukie. Wanavyuoni wa hadithi wamepokea habari ya Itbani bin Maliki, Ansari aliyehudhuria Badri, ambaye macho yake yalidhoofika. Mvua ikinyesha, bonde lililokuwa baina yake na watu wake hujaa maji asiweze kuwaendea kuwasalisha. Akamwomba Mtume aje aswali nyumbani kwake, ili mahali atakaposwali apafanye pa swala. Mtume akaja pamoja na Abubakar, na alipoingia hakukaa kitako mpaka kwanza amemwuliza mwenyewe ni wapi katika nyumba yake apenda aswalie. Itbani akamwonesha upande, na Mtume akasimama hapo.

Ndugu, lifikirini jambo hili vizuri. Nani amjuaye Mungu na swala kuliko Mtume? Lau angalichagua mwenyewe pembe ya nyumba, Itbani angaliipokea kwa furaha na wala asingalinung’unika. Lakini macho yaliyodhoofika yalikuwa ya Itbani, na nyumba ilikuwa ya Itbani, na yeye ndiye ajuaye ni upande upi awezao kuufikia bila ya kushikwa mkono. Mtume hakuliona suala hilo kuwa lamshushia cheo. Nasi tuna kamati zinazoona kuuliza ni kujishusha!

Na habari ya Abdalla bin Ummi Maktumu, sahaba asiyeona, yajulikana na kila mtoto aliyesoma Juzuu Amma, kwani ndiye sababu ya kuteremka Sura Abasa. Twaisoma kuwa ni mafunzo ya kutomdharau kipofu, na ndivyo ilivyo. Lakini wangapi wetu wameangalia alikuja kutaka nini? Hakuja kuomba sadaka. Alikuja kutaka elimu. Sisi leo tukimwona asiyeona akija kwetu, mkono waenda mfukoni kabla ya sikio kusikiliza alitakalo.

Na ni yeye huyu tena aliyekuwapo ilipoteremka aya katika Sura Nisai inayowapambanua wakaao majumbani na waendao kupigana katika njia ya Mungu. Zaidu bin Thabiti alikuwa akiiandika kwa imla ya Mtume. Ibnu Ummi Maktumu akasema kuwa lau angaliweza kwenda angalikwenda. Wahyi ukarejea papo hapo na maneno ya kuwatoa katika lawama wenye madhara ya mwili, na yakatiwa mahali pake katika aya. Hatusemi kwamba Mola alikuwa halijui hilo mpaka akakumbushwa, hasha! Yeye ajua yote kabla hayajawa. Lakini alitaka hukumu ile ije baada ya sauti ya mwenye jambo kusikika, na habari ibaki ikisomwa mpaka mwisho wa dunia. Na baada ya hayo Mtume alimfanya kuwa mwadhini pamoja na Bilali, na zaidi ya mara moja alimwacha Madina awasalishe watu alipokuwa safarini. Asiyeona akiongoza wenye macho! Hebu tuhesabu katika miji yetu ni misikiti mingapi iliyo na mtu mwenye ulemavu katika kamati yake, seuze mbele katika mihirabu.

Sasa tutoke nje ya mipaka yetu, tutazame yaliyowapata watu wengine walipoacha kuuliza, na waliyopata walipowasikiliza wenyewe.

Mwaka 1880 walikutana katika mji wa Milan, Italia, walimu na wakubwa wa shule za viziwi kutoka nchi mbalimbali, wapate kuamua viziwi wafundishwe kwa njia gani. Wajumbe walikuwa 164, na aliyekuwa kiziwi katika wote hao alikuwa mmoja tu. Wakaazimia kuwa lugha ya ishara iondolewe mashuleni, na watoto wafundishwe kusoma midomo na kujilazimisha kusema. Nia yao haikuwa mbaya. Walitaka viziwi wawe kama watu wengine. Lakini azimio lile lilienea nchi nyingi, walimu waliokuwa viziwi wakapoteza kazi zao, na vizazi vya watoto wakakaa darasani miaka mingi wakitazama midomo wasiyoielewa, na wakiadhibiwa kwa kutumia mikono yao. Hata hapa Kenya, shule za viziwi kwa miaka mingi zilifuata mwendo huo. Ilikuwa mpaka mwaka 2010, katika mkutano wa namna ile ile uliofanywa Vancouver, Kanada, ndipo azimio la Milan lilipokataliwa na majuto yakaelezwa. Miaka 130! Hiyo ndiyo thamani ya kikao kimoja kilichofanywa juu ya watu bila ya watu wenyewe.

Mfano wa pili ni kinyume cha huo. Shule ya kwanza ya wasioona ilifunguliwa mjini Paris mwaka 1785 na Valentin Haüy, mtu mwenye macho na mwenye huruma. Alitengeneza vitabu vyenye herufi za kawaida zilizoinuliwa juu ya karatasi ili vidole vizipapase. Vitabu vilikuwa vikubwa na vizito, kusomwa kwake ni kwa shida, na mwanafunzi hakuweza kuandika kwa mkono wake. Akaja kijana mmoja katika shule ile, jina lake Louis Braille, aliyepofuka utotoni kwa chombo cha kukatia ngozi katika karakana ya baba yake. Mwaka 1824, hali ana umri wa miaka 15 tu, alitunga maandishi ya nukta nundu. Aliyatoa katika maandishi ya nukta ya askari mmoja aitwaye Barbier, akayafupisha yakawa nukta sita zinazoenea chini ya ncha ya kidole. Wenye macho walikuwa wamejiuliza, “Vipi tutawafanya wasioona wasome herufi zetu?” Yeye alijiuliza, “Kidole chasoma nini?” Shule haikuyakubali rasmi maandishi yake mpaka mwaka 1854, naye alikuwa amekwisha kufa tangu 1852. Leo Kurani yasomwa kwa nukta hizo na watu wasioona katika nchi nyingi. Fikiri, ndugu: kheri yote hiyo ilikuwa kichwani mwa mwanafunzi ambaye wakubwa wake walimwona ni wa kusaidiwa tu.

Na hivi sasa jambo hili halikubaki kuwa ni la hisani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006 juu ya haki za watu wenye ulemavu, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008, wazilazimisha serikali kushauriana na watu hao katika mambo yawahusuyo. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 54, imetaka kufikiwa hatua kwa hatua kwamba angalau 5 katika kila 100 ya watu wanaochaguliwa au kuteuliwa katika vyombo vya umma wawe ni wenye ulemavu. Na kifungu cha 120 kimeifanya lugha ya ishara ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, waliohesabiwa kuwa na ulemavu, kuanzia umri wa miaka 5, walikuwa zaidi ya laki 9 katika nchi nzima. Hebu tuseme kweli: kiziwi ana njia ya kufahamu yasemwayo Bungeni, hutuba ya Ijumaa, ambayo ni sehemu ya ibada yake, ameekewa njia gani? Ni aibu kwetu kutanguliwa na sheria za watu katika jambo ambalo Mtume wetu alilitenda katika nyumba ya Itbani.

Sasa tuzijibu hoja tuzisikiazo.

Wako wasemao: “Ukiwauliza watataka makubwa tusiyoyaweza.” Tutawajibu: huyo mzee wetu alitaka nini? Viatu viwekwe upande wa pili, kizingiti kiondolewe, mlango ufunguke kwa ndani, na mteremko urefushwe. Mawili katika hayo hayakuhitaji hata mfuko mmoja wa saruji. Ghali ni kile tulichokijenga kwanza, kwani tulikivunja. Na kuuliza si kuahidi. Mtu mzima huambiwa, “Hili twaliweza, na hili hatuliwezi mwaka huu,” naye hufahamu. Asichokifahamu ni kutoambiwa kitu.

Wako wasemao: “Wao wenyewe hawakubaliani.” Hili ni kweli. Mwenye kiti cha magurudumu ataka ukingo wa njia uondolewe ili apite. Asiyeona aenda kwa kugusa ukingo huo huo kwa fimbo yake, ukiondolewa ajikuta katikati ya magari. Lakini hoja hii ni yetu, si yao. Kama wao kwa wao hawawi kitu kimoja, basi mwenye kuwakisia akiwa mbali atapata wapi kuwa sawa? Mtu mmoja wa Japani, Seiichi Miyake, alibuni mwaka 1965 vigae vyenye nundu vya kutandikwa njiani, asiyeona avitambue kwa mguu na fimbo. Kwa vigae hivyo ukingo waweza kushushwa, na hatari ya njia ikajulikana. Haja mbili zilizogongana zikapata njia ya tatu. Lakini njia ya tatu haionekani mpaka haja zote mbili ziwekwe mezani. Ndiyo maana ya shura: watu wengi, si mtu mmoja wa kuwasemea wote.

Wako wasemao: “Na mwenye ulemavu wa akili, asiyeweza kutoa rai, ataulizwa nini?” Tutajibu kuwa sheria yetu imemweka walii kwa asiyejiweza, na ikamwamrisha uadilifu. Walii na aulizwe, hasa mama aliyekesha naye. Lakini tujihadhari na mambo mawili. Moja, tusimdhani asiyeweza kusema kuwa hana akili. Ulimi ni kitu kingine na akili ni kitu kingine. La pili, hata yule aliyepungukiwa ana apendacho na akichukiacho. Akiogopa mahali huonesha, akifurahi na mtu huonesha. Kuziangalia ishara hizo ndiko kumwuliza kwa kadiri ya uwezo wake.

Na wako, nao ndio tuwaogopao zaidi, wasemao: “Sisi tumekwisha kufanya, tumemtia mmoja katika kamati.” Twauliza: huyo mmoja, mkutano hufanywa ghorofani au chini? Kama ni kiziwi, yuko mfasiri? Kama haoni, ile karatasi ya hesabu alisomewa kabla, au hupewa aishike tu? Na je, amewahi kusema “la,” na “la” yake ikabadili kitu? Ikiwa hakuwahi, basi hakutiwa katika shauri. Ametiwa katika picha.

Hata katika jina tuwaulize. Kiswahili chetu kilizoea kuwaita watu hawa kwa ngeli ya vitu: kilema, kiwete, kipofu. Wengine hawayapendi majina hayo, hutaka kuitwa watu wenye ulemavu, au wasioona. Viziwi wengi, kwa upande wao, hawaoni haya kuitwa viziwi, kwani wajiona ni watu wenye lugha yao. Si kazi yetu kuwachagulia. Mwenye jina yupo, na aulizwe.

Basi twaiambia kila kamati ya msikiti, ya madrasa na ya sadaka maneno machache. Kabla ya kununua au kujenga, waiteni wenye jambo. Waiteni mahali wanapoweza kufika, na nauli muwalipe, kwani mtu asiyeweza kupanda matatu hutumia fedha nyingi kuliko nyinyi kufika hapo hapo. Wape wao waseme kwanza, kabla wakubwa hawajatoa rai, maana akishasema mkubwa mwenye haja hunyamaza. Jengeni, kisha mrudi kuwauliza kama kimefaa. Msiwapige picha mpaka wakubali. Na mkiwatafuta, tafuteni hata majumbani, kwani wako wanawake na vijana ambao jamaa zao wamewaficha kwa haya, nao hawako hata chini ya mkungu.

Wala mtu asijione kuwa hayamhusu. Hujafa hujaumbika. Macho haya, magoti haya, masikio haya ni amana, na mwenye kuyatoa huyachukua apendapo. Wengi wetu, Mungu akitupa umri, tutafika katika kundi hilo kwa uzee. Siku hiyo tutatamani kuulizwa tumeweza nini na twapenda nini, wala hatutapenda kusukumwa huku na huku na watu wema wasiotuuliza.

Yule mzee alikuja katika kamati. Alikaa nasi vikao vitatu, na katika kikao cha pili alimkatalia fundi mbele yetu sote, na fundi akampima upya. Mteremko wa sasa waanzia upande wa kaskazini, wapinda mara moja, na pale upindapo pana mahali pa kupumzika. Aliingia kwa mikono yake mwenyewe Ijumaa tatu. Ijumaa ya nne tulimswalia maiti yake, na jeneza lilipitishwa juu ya saruji ile aliyotufundisha kuijenga. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Ijumaa tatu tu, ndugu zetu, baada ya miaka ya kukaa juani. Kama tungalimwuliza siku ya kwanza, angalipata ngapi? Hesabu hiyo tutaulizwa sisi.

Wabillahi tawfiki.